Leicester: Mji Uliomtimua Mzee Aliyeupa Taji

*Mhariri wetu alikwenda Uingereza kumsalimia shoga yake wa chuo. Akajikuta katikati ya ugomvi wa mpira uliodumu miaka minane.*

Msomaji wangu, kuna nyumba ambazo ukifika mgeni unaonywa mapema: hapa hatuzungumzi siasa, hapa hatuzungumzi dini. Nyumba niliyofikia mimi Leicester, nilionywa nisizungumzie Ranieri.

Shoga yangu aliniambia hivyo tukiwa bado stesheni, hata kukumbatiana hatujamaliza vizuri. "Mimi na shemeji yako tunaelewana kwa kila kitu," akasema huku akinipokea begi. "Pesa tunaelewana, watoto tunaelewana, hata mama mkwe tunaelewana. Ila kwa huyo mzee, hapana. Usije ukamchokoza."

Nikacheka, nikadhani utani. Mimi mwenyewe mpira naujua kwa kuusikia tu, si unajua tena, ukikulia Dar lazima uwe Simba au Yanga hata kama hujui kuotea ni nini. Lakini jina la Claudio Ranieri nilikuwa nalijua. Nani asiyelijua? Mwaka 2016 hata dada wa saluni yangu Sinza alikuwa anaombea Leicester.

Basi, hiyo ilikuwa Mei 2025, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mji wenyewe.

Mji wa mfalme aliyefukuliwa

Kutoka London unapanda treni St Pancras, unakwenda kaskazini kama kilomita 160 hivi, na kwa saa moja na dakika kadhaa umefika. Njiani ni mashamba ya kijani na kondoo, kondoo na mashamba ya kijani. Ukilala kidogo hujakosa kitu.

Leicester si mji wa kupigia picha za postikadi. Ni mji wa kazi. Zamani ulikuwa mji wa viwanda vya soksi na viatu, na mpaka leo nyumba nyingi ni zile za matofali mekundu zilizobanana kama abiria wa daladala. Katikati kuna Mnara wa Saa, ambapo kila mtu anamsubiri mwenzake. Ukitembea dakika chache kutoka hapo unafika kwenye kanisa kuu, na ndani yake amelala Mfalme Richard wa Tatu.

Hadithi yake ni ya ajabu kweli. Aliuawa vitani mwaka 1485, kaburi lake likapotea, na mwaka 2012 mifupa yake ikakutwa chini ya maegesho ya magari. Wakamzika upya kwa heshima zote Machi 2015. Wakati huo Leicester City walikuwa mkiani mwa Ligi Kuu. Baada ya maziko wakaanza kushinda, wakaponea chupuchupu kushuka daraja, na mwaka uliofuata wakawa mabingwa. Mashabiki wengine mpaka leo watakuambia, nusu utani nusu kweli, kwamba ni mfalme aliyeshukuru kwa kuzikwa vizuri.

Nikaiweka hiyo akilini. Mji unaoamini kwamba ukimwaga mtu vizuri anakulipa.

Kocha wa pizza

Kwa wale wenzangu ambao mpira unawapita pembeni, ngoja niwakumbushe kwa ufupi.

Julai 2015 Leicester walimchukua Ranieri, Mtaliano mwenye umri wa miaka 63, mpole, mcheshi, mwenye Kiingereza cha kuchekesha. Wengi waliguna. Miezi michache nyuma alikuwa ametimuliwa na timu ya taifa ya Ugiriki baada ya kufungwa nyumbani na Visiwa vya Faroe. Mwaka 2004 Chelsea nao walikuwa wamemfungashia virago. Yaani kazi alishazifanya nyingi, lakini ubingwa wa ligi kubwa hakuwahi kuuonja.

Kampuni za kamari ziliipa Leicester nafasi moja kati ya 5,000 ya kutwaa ubingwa. Kwa lugha ya mkeka, ukiweka shilingi 1,000 unaondoka na milioni tano. Mzee akawaahidi wachezaji wake kwamba wakicheza mechi moja bila kuruhusu bao atawanunulia pizza. Walipofanikiwa akawapeleka mgahawani kweli, ila akawaambia waipike wenyewe, maana kila kitu lazima ukifanyie kazi.

Na wakakifanyia kazi. Mei 2, 2016 taji likawa lao. Msimu mzima walifungwa mechi tatu tu, wakamaliza na pointi 81, kumi zaidi ya Arsenal waliokuwa wa pili. Timu yenyewe ilikuwa na Jamie Vardy, ambaye miaka michache nyuma alikuwa akifanya kazi kiwandani huku akicheza ligi za mchangani, na Riyad Mahrez, na N'Golo Kanté aliyekimbia kama watu wawili.

Halafu kikageuka kibao. Kanté akauzwa Chelsea. Mabao yakakauka. Februari 2017 mabingwa walikuwa nafasi ya 17, pointi moja juu ya shimo, na tangu mwaka uanze hawakuwa wamefunga hata bao moja la ligi. Mapema mwezi huo klabu ilitoa tamko kwamba iko pamoja na kocha wake bila kutetereka. Februari 23, siku moja baada ya kufungwa 2–1 na Sevilla kwenye Ligi ya Mabingwa, kibarua cha mzee kikaota nyasi.

Mezani kwa shemeji

Niliahidi nisimchokoze, na kweli sikumchokoza. Alijichokoza mwenyewe.

Shemeji ni mtu wa Mombasa, dereva wa basi, kaja Leicester tangu 2009. Jioni ya pili tulikuwa mezani, wali wa nazi na samaki, nikauliza tu kwa nini kwenye ukuta kuna picha ya mzee wa Kizungu katikati ya picha za harusi. Shoga yangu akaweka kijiko chini. "Haya," akasema, "umeshaanza."

"Shemeji, hebu nikuulize," shemeji akaanza. "Mtu akutoe jalalani, akuvishe dhahabu, akutembeze dunia nzima ujulikane. Miezi tisa haijatimia vizuri, ati umtoe nje na virago vyake. Miezi tisa! Mimba moja tu. Huo ni uungwana?"

"Haikuwa miezi tisa, ilikuwa tisa na wiki tatu," mkewe akamkata.

"Sawa, mimba iliyochelewa."

Tukacheka, lakini shemeji hakucheka sana. Anakumbuka Mei 7, 2016, siku Leicester walipokabidhiwa kombe. Alikuwa uwanjani. Kabla ya mechi Andrea Bocelli aliimba huku Ranieri amesimama pembeni yake, na shemeji, mtu mzima mwenye ndevu, akalia mbele ya mwanawe. Anasema alikuwa amekaa ugenini miaka saba bila kujisikia mwenyeji, na siku ile mtu asiyemjua alimkumbatia na kumwita ndugu. "Yule mzee ndiye aliyenipa mji huu," akasema. "Kisha mji ukamtupa. Mimi nijisikieje?"

Shoga yangu naye ana yake, na si madogo. Wakati ule alikuwa anafanya kibarua kwenye mgahawa karibu na uwanja. Siku za mechi ndizo zilizolipa kodi ya nyumba. "Wewe ulilia na Bocelli, mimi nilikuwa nahesabu," akamwambia mumewe. "Timu ikishuka daraja, mchezaji anauzwa, anakwenda kwingine na mamilioni yake. Anayebaki ni mpishi, mlinzi na mfagizi. Nyumba ikiwaka moto, humwachi mtoto ndani eti kwa sababu aliyewasha jiko ndiye aliyeijenga."

Na takwimu ziko upande wake, lazima niseme kweli. Siku nne baada ya Ranieri kuondoka, msaidizi wake Craig Shakespeare aliiongoza timu kuipiga Liverpool 3–1. Wakashinda mechi tano za ligi mfululizo. Wakawatoa Sevilla, wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakamaliza ligi nafasi ya 12. Wachezaji ni wale wale.

"Hapo sasa!" shemeji akapiga meza. "Wale wale! Walikuwa wapi miguu yao Januari?"

Hiki ndicho kidonda chenyewe. Wengi waliamini wachezaji walimsaliti mzee kwa makusudi. Vardy na wenzake walikana. José Mourinho alikuja mbele ya waandishi amevaa shati lenye herufi CR, za jina la Ranieri. Gary Lineker, mzaliwa wa hapo hapo Leicester ambaye familia yake ilikuwa na meza ya matunda sokoni, alisema wazi kwamba jambo lile halisameheki. Na katika mechi ile ya Liverpool, dakika ya 65, sawa na umri wa mzee, mashabiki waliwasha taa za simu zao uwanja mzima. Halafu wakaendelea kuishangilia timu iliyocheza bila yeye.

Nikawauliza wote wawili: kwa hiyo nani alikuwa sahihi? Wakajibu kwa pamoja: "Mimi."

Muhogo wa Belgrave

Kesho yake shoga yangu alinipeleka Belgrave Road, barabara inayoitwa Golden Mile, Maili ya Dhahabu. Hapo ndipo utasahau kwamba uko Ulaya. Maduka ya sari, maduka ya vito, harufu ya bizari, jalebi zinachovywa kwenye shira. Na kwenye menyu za migahawa, msomaji wangu, kuna kitu kinaitwa mogo. Ni muhogo! Muhogo wetu wa kukaanga, wa pilipili na ndimu, umepoteza herufi mbili njiani lakini ladha umefika nayo.

Waliouleta ni Wahindi wa Afrika Mashariki. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Takriban 28,000 walikuja Uingereza, na wengi waliitazama Leicester. Halmashauri ya mji ilinunua tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije, mji umejaa. Wakaja.

Katika duka moja la vyombo na viungo, shoga yangu alisalimia kwa Kiswahili, na mzee mwenye duka akatoka nyuma ya kaunta mikono imenyooka. Ni wa Jinja. Alikuja na wazazi wake akiwa na miaka 17. Mkewe ni mzaliwa wa Mwanza. Kiswahili chao ni kile cha madukani zamani, cha Mhindi aliyekulia kwetu, na nilipokisikia nikakumbuka duka la mtaani kwetu nilipokuwa nikitumwa sukari.

"Tangazo ile ndiyo nafanya sisi najua jina ya mji," mzee akaniambia akicheka. "Kama hawasemi usije, nani najua Leicester?"

Juu ya meza ya pesa, pembeni ya picha ya Lakshmi, kulikuwa na bendera ndogo ya bluu yenye kichwa cha mbweha. Nikajikuta nauliza lile swali. Safari hii nilidhani nimeshajua majibu.

Bibi alijibu kwanza. Alikuwa upande wa shoga yangu. Duka lisipouza, alisema, unabadilisha muuzaji, hata kama ni mtoto wa kaka yako. Wao wameanza hapa bila senti, wanajua gharama ya huruma.

Mzee alikaa kimya kidogo, akifuta kaunta ambayo ilikuwa safi. "Mama nasema kweli," akasema. "Kuondoka si tabu. Mimi nimeondoka, tazama, iko mzima. Lakini mimi nakumbuka siku ile uwanja ya ndege. Baba yangu amekaa Jinja maisha yote. Hakuna mtu nasema kwaheri. Iko tabu hiyo. Mpaka leo hiyo tu."

Sikuwa na la kusema. Akanifungia chevda kwenye karatasi na akakataa hela yangu.

Jumapili ya kwaheri

Jumapili ile, Mei 18, ilikuwa siku ya Vardy. Leicester walikuwa wameshashuka daraja tangu Aprili, na wageni wao, Ipswich, nao walikuwa wameshashuka. Mechi isiyo na faida kwa yeyote. Lakini Vardy alikuwa anaaga baada ya miaka 13, na tiketi hata ya kulangua haikuwepo.

Asubuhi shemeji alinizungusha nje ya uwanja wa King Power, kando ya Mto Soar. Akanionyesha sanamu ya Vichai Srivaddhanaprabha, tajiri wa Thailand aliyekuwa mwenye timu. Huyu ndiye aliyemwajiri Ranieri, na ni chini yake Ranieri alifukuzwa. Oktoba 27, 2018 helikopta yake ilianguka hapo hapo nje ya uwanja baada ya mechi, wakafa watu watano, yeye akiwamo. Shemeji alimlilia pia. "Aliwanunulia mashabiki bia na maandazi siku yake ya kuzaliwa," akasema. "Mtu mwema. Alikosea mara moja." Hakuniambia alikosea nini, na sikuuliza.

Mechi tuliisikiliza redioni jikoni, kama enzi za RTD. Vardy aliingia uwanjani kwa mechi yake ya 500 akiwa na mabao 199. Dakika ya 28 akafunga la 200. Shoga yangu akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta, naye akashangilia. Leicester wakashinda 2–0. Vardy alipotoka, wachezaji walipanga mstari kumpigia makofi, na hata redioni ulisikia kwamba uwanja mzima umesimama.

Shemeji alipunguza sauti. "Unaona?" akasema polepole. "Wanajua kuaga. Wanajua sana."

Barua yangu

Hapo naomba nikukiri kitu, msomaji wangu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika chumba cha habari nilichofanyia kazi kabla ya hapa, tulikuwa na mzee mmoja msahihishaji. Ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipotoka chuo na digrii yangu ya mawasiliano nikidhani najua kuandika, yeye alinirudishia makala ya kwanza imejaa wino mwekundu na neno moja chini: "Tena." Alinirudishia mara sita.

Zikaja kompyuta mpya, zikaja haraka za mtandao, na mzee akawa anachelewesha kurasa. Makosa yakaanza kupita. Tukakaa kikao, nikiwa naibu mhariri, tukakubaliana aondoke. Mpaka leo naamini uamuzi ulikuwa sahihi. Gazeti lilikuwa linazama na wengine tulikuwa na watoto wa kusomesha.

Lakini barua nilimwachia mapokezi. Ijumaa jioni. Nilijiambia ana heshima zake, atajisikia vibaya nikimwambia usoni. Uongo mtupu. Niliogopa macho yake. Jumatatu kiti kilikuwa kitupu na kalamu nyekundu iko mezani, na hakuna aliyesema neno.

Jikoni Leicester, na redio bado inanguruma, ndipo nilipoelewa kwa nini shemeji na shoga yangu wamebishana miaka minane bila kufika. Wanajibu maswali mawili tofauti. Mmoja anaulizwa kama mzee alipaswa kuondoka. Mwingine anaulizwa kama aliondoka anavyostahili mtu. Unaweza kusema ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, na usiwe mnafiki. Kwetu tumeona mara ngapi? Novemba 2024 Yanga waliachana na Gamondi, miezi michache tu baada ya kuwapa ubingwa, na vijiwe vya Dar vikagawanyika vile vile. Na tukitoka kwenye mpira, ni ndoa ngapi zimevunjika kwa ujumbe wa simu? Huenda kuachana kulikuwa sawa. Ujumbe ule ndio haujasahaulika.

Niliwaambia hivyo. Shemeji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Shoga yangu akaendelea kuosha vyombo. "Maneno mazuri," akasema. "Lakini kwaheri nzuri hailipi kodi." Na hapo pia yuko sahihi.

Jua la saa tatu

Mei kule jua linachwa karibu saa tatu usiku. Tulikuwa tumekaa kibarazani na chai shemeji aliponiletea simu yake. Roma walikuwa wanacheza na AC Milan. Ranieri, sasa mzee wa miaka 73, alikuwa amerudi Novemba kuiokoa timu ya mji aliozaliwa, na usiku ule ule alikuwa anaongoza mechi yake ya mwisho ya nyumbani. Roma wakashinda 3–1. Uwanja wote ulikuwa unamwimbia.

Tuliangalia watatu, vichwa vimegusana juu ya kioo kidogo. Shemeji akakumbusha Novemba 2021, Ranieri alipokuja Leicester na Watford. Theluji ilikuwa inaanguka, akapigwa mabao 4–2, na mashabiki wa Leicester wakamsimamia kumpigia makofi. "Kwa hiyo tulimwaga," shoga yangu akasema. "Tulichelewa tu," mumewe akajibu. Kwa mara ya kwanza wiki ile hakuna aliyempinga mwenzake.

Niliporudi Dar nilimtafuta mzee wangu. Anaishi Kijichi, anafuga kuku. Nilimpelekea majani ya chai ya Kiingereza na jezi ya bluu. Aliniangalia getini, akaangalia bahasha mkononi mwangu, akauliza: "Umeniletea nyingine?"

Nikamwambia hapana, safari hii nimekuja mwenyewe. Akafungua geti.

Ukipanga safari

Mtanzania anahitaji viza ya Uingereza, anza mapema. Tiketi ya treni kutoka London ni nafuu zaidi ukiinunua kabla ya siku yenyewe. Mei hali ya hewa ni nzuri lakini beba sweta. Ukipenda taa na shamrashamra, nenda wakati wa Diwali, Oktoba au Novemba, Belgrave Road inapowaka usiku kucha. Kaburi la Richard wa Tatu liko ndani ya kanisa kuu, katikati ya mji. Na ukiingia duka lolote pale Belgrave, jaribu kusema "Habari za asubuhi." Anaweza kutokea mtu nyuma ya kaunta.